Mama Raihana na Neno Lenye Siku Mbili

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Adija Tajudini anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Tahadhari ya Mito kwa miaka thelathini na mitatu, miezi mitatu na siku ishirini na tano. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe, akanikabidhi kwenye kikaratasi na kunionya nisiikadirie. Jina hilo nalo mtaliona kwenye fomu za likizo tu. Kwetu sote, kuanzia mkurugenzi hadi wauza maandazi wa getini, yeye ni Mama Raihana.

Mimi ninayeandika ni Valéry, wa karakana ya programu pale Cibitoke. Nimekaa meza inayotazamana na yake kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo naijua miwani yake kuliko anavyoijua yeye, maana mimi ndiye huitafuta. Mkurugenzi wetu, Bwana Sylvère, aliomba wasifu huu uandikwe kwa Kifaransa kama barua zetu zote. Mama Raihana akaomba uandikwe kwa lugha anayonunulia mboga. Mnaona wenyewe nani ameshinda.

Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, nyumba ya tatu kutoka gereji ya baba yake, marehemu Mzee Tajudini, na alijua sauti ya injini inayokosa mafuta kabla hajajua kusoma. Mzee alikuwa na desturi moja ambayo binti yake ameihamishia kwenye kompyuta. Mteja akija na gari bovu, Mzee hakumruhusu aache gari na kuondoka. Alimkalisha kwenye kiti, akamtaka aeleze ubovu upya, taratibu, huku injini ikinguruma mbele yao. Alisema gari peke yake linaweza kukudanganya, na mwenye gari peke yake atakudanganya, lakini wakiwa pamoja mmoja wao ataumbuka.

Tarehe 2 Machi 1992 aliajiriwa hapa kama mpiga chapa. Siku hizo Kituo kilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kwa sababu hakuna aliyejua kuigusa. Mtu aliyekuja kuifunga alikwisha kurudi kwao, akituachia nakala ya kitabu cha kufundisha programu. Nakala hiyo ilikosa sura ya saba. Mama Raihana aliusoma ule mrundo wa karatasi saa za chakula cha mchana kwa miaka miwili, akafika sura ya sita, akarukia ya nane, na yale ya sura ya saba akayajifunza kwa kuiangusha kompyuta mara tisa. Miaka mingi baadaye mtu alimletea kitabu kizima. Alifungua sura ya saba, akaisoma akiwa amesimama, akakifunga na kusema kwamba sura hiyo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuangusha kitu.

Miaka ile migumu ya vita ilipokuja, wengi walihama na wengine hatukuwaona tena. Yeye aliendelea kutembea kwa miguu kutoka Buyenzi kila siku iliyowezekana, na vitabu vya vipimo vya mito vya miaka hiyo vina mwandiko mmoja tu, wa kwake. Hapendi nilisifu jambo hilo. Nimelitaja, na sasa naendelea.

Kwa wageni watakaoshika karatasi hii bila kujua tunafanya nini: kandokando ya mito inayoshuka milimani kuingia mjini tumefunga visanduku kumi na tisa. Sisi tunaviita bwate. Kila bwate ina kompyuta ndogo, betri, kipimo cha mvua, kipimo cha kina cha maji, na king'ora. Maji yakipita alama, king'ora kinalia, na watu wa ukingoni wanachukua watoto na magodoro na kuondoka. Ndani ya kompyuta hiyo kuna kiini cha mfumo, sehemu ya ndani kabisa inayozigawia kazi programu nyingine zote. Programu ya kawaida ikianguka, kiini kinaiokota. Kiini kikianguka, hakuna wa kukiokota, bwate inazima, na king'ora kinabaki kimya huku mto ukipanda. Kuzuia jambo hilo ndiyo imekuwa kazi ya Mama Raihana tangu mwaka 2009.

Anayo daftari nene lenye jalada la plastiki, Daftari la Maanguko, ambamo kila anguko la kiini limepewa namba. Yamefika mia mbili na kumi na mawili. Kwa kila anguko ameandika siku, neno la mwisho ambalo mashine ilitoa, na walikuwepo nani na walikuwa wakifanya nini. Kwa sababu ya safu hiyo ya mwisho, daftari hili linajua mengi kuliko ofisi ya utumishi. Anguko namba 88 linaonyesha nilikuwa nimelala.

Namba 131 haikuwa anguko, lakini ameiandika humo kwa unyofu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. King'ora kimoja kilikuwa na kutu, akakipeleka kwenye gereji ya kaka yake Massoudi, Buyenzi, kichomelewe. Kazi ilipokwisha walikijaribu mara moja, sekunde kumi tu, saa kumi na moja na dakika hamsini jioni. Mtaa mzima ulidhani ni wakati wa kufuturu. Inasemekana wanaume wanne walikwisha kunywa uji nusu bakuli ndipo mtu alipotazama saa. Mama Raihana alipita mlango kwa mlango na sinia la sambusa akiomba radhi, na wazee wakamwambia kwamba aliyekula kwa kudhani hana lawama, ila mwaka ujao aje na saa. Hadi leo akipita Buyenzi mwezi wa Ramadhani, watu humuuliza kama wanaweza kuanza.

Lakini sitakuwa nimemuaga vizuri nisipoeleza namba 205 hadi 211. Ni maanguko ya mfululizo, na yananihusu.

Mwaka jana, kabla ya mvua, tulibadilisha kompaila. Kompaila ni programu inayochukua maandishi yetu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Ukiiruhusu, haigeuzi tu, inaboresha pia: inaunganisha hapa, inafuta pale, inatanguliza kazi hii kabla ya ile ikiona haidhuru, ili mambo yaishe haraka. Ruhusa hiyo ina viwango. Kwa miaka yote tulibaki kiwango cha kwanza. Safari hii kilipandishwa hadi cha tatu, ili bwate ziwe nyepesi na betri zidumu. Betri zilidumu kweli, na aliyepandisha kiwango alipigiwa makofi mkutanoni.

Mvua ya kwanza ya Oktoba ilipoanguka, bwate ya Carama ilizima. Tuliiwasha, ikafanya kazi vizuri siku tatu za jua. Mvua ikarudi, ikazima tena. Tulipoongeza mistari ya kuandika kila hatua ili tuone inaangukia wapi, haikuanguka. Tulipoiondoa mistari hiyo, ikaanguka. Ilikuwa kama mtoto anayekaa sawasawa kila mgeni akiingia sebuleni, na mimi, nakiri, nilianza kuitukana.

Mlinzi wa kituo cha Carama anaitwa Gélase. Wengi mnamjua kwa kofia yake ya sufi asiyoivua hata Agosti. Kazi yake ni kulinda bwate na kuandika kwenye daftari la kituo kila kinachotokea. Tarehe 14 Oktoba aliandika hivi, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: “Bwate imezima. Ejo betri mpya.”

Maneno matano. Ofisini tuliyasoma, na kwa dakika moja kila kitu kikaeleweka. Jana, tarehe 13, mlinzi ameweka betri mpya bila ruhusa. Leo bwate imezima. Sheria yetu, iliyobandikwa kwenye mlango wa kila kituo, inakataza mtu yeyote asiye fundi kugusa betri. Ripoti iliandikwa, kurasa mbili, ikiwa na mstari mwekundu chini ya tarehe, na mwisho wake pendekezo kwamba Gélase aachishwe kazi. Gélase alikuwa na miaka kumi na moja kazini. Ana watoto watano, na nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka mtoni, chini ya king'ora hichohicho. Bwana Sylvère alikwisha kushika kalamu.

Mama Raihana aliomba siku moja. Alisema betri ikiwa mbaya mashine hufifia kwanza, lakini hii inakatika katikati ya neno, kama mtu aliyezibwa mdomo. Alisema pia kwamba hajapata kuona mtu akifukuzwa kazi kwa maneno matano bila kusomewa. Asubuhi iliyofuata tulipanda Carama, yeye na mimi, na daftari la kituo kwenye mfuko wake wa sokoni. Mimi nilikwenda kwa shingo upande, kwa sababu niliona ripoti ilikuwa imekamilika.

Tulimkuta Gélase akifagia tope. Alishajua kuna barua inayokuja, habari za ofisini hutembea, na uso wake ulikuwa umenywea. Mama Raihana alimkalisha kwenye jiwe mbele ya bwate, akaiwasha bwate yenyewe, kisha akamsomea kwa sauti maneno yake mwenyewe na maana tuliyoyapa sisi. Alipofika penye jana, Gélase alisimama, kofia ikaanguka.

“Apana, Mama Raihana! Mi nilisema ejo yenye inakuya, si ejo yenye ilipita! Betri yenyewe mi ningeitoa wapi? Nilikuwa naomba mulete!”

Hapa ndipo wageni wasio Warundi wanahitaji msaada. Kwa Kirundi, ejo ni jana. Ejo ni kesho pia. Ukitaka kubainisha unasema ejo haheze, iliyokwisha, au ejo hazoza, itakayokuja, lakini katika maongezi hakuna anayejisumbua, kwa sababu kitenzi kinasema chenyewe. Gélase hakuandika kitenzi. Aliona bwate imezima, akafikiri ni betri, akaomba kesho aletewe nyingine. Nasi, Warundi watupu ofisi nzima, tuliolelewa ndani ya neno hilo, tulichagua jana. Tulichagua jana kwa sababu jana ndiyo iliyotupatia mtu wa kumlaumu.

Mama Raihana alicheka. Mnakijua kicheko chake, kile kinachoanzia mabegani na kufika mwisho kabisa kwenye sauti. Gélase naye akacheka, kwa woga kwanza, kisha kweli. Mimi peke yangu sikucheka. Halafu kicheko cha Mama Raihana kikakatika ghafla, akabaki ameitazama bwate, midomo ikimchezacheza. Tulipokuwa tukishuka kurudi mjini ndipo aliponigeukia.

“Valéry, kama siye watu tunapindua ejo, ile machine itashindwa namna gani?”

Tulipofika karakana alinituma nichapishe amri ambazo kompaila ilikuwa imezizalisha kutokana na maandishi yetu. Hakutaka kuzitazama kwenye kioo. Zilikuwa kurasa arobaini na sita. Alizitandaza sakafuni, akavua viatu, akachukua penseli mbili za binti yake Raihana za tangu shule ya msingi, nyekundu na ya buluu. Kwenye maandishi yetu, kila tulichosema kifanyike kwanza alikipaka nyekundu, na kinachofuata buluu. Kisha akatafuta mambo hayohayo kwenye amri za mashine, akapaka rangi zilezile. Ukurasa baada ya ukurasa nyekundu ilitangulia buluu, kama inavyotakiwa. Tulikula chakula tumepiga magoti. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja, buluu ilikuwa juu ya nyekundu.

Nitajaribu kueleza bila kuwachosha. Kila kipimo cha mvua kinapofika, kiini kina kazi mbili: kuweka kipimo ndani ya sanduku la barua, halafu kuinua bendera kwamba barua ipo. Sehemu nyingine ya kiini hupita ikitazama bendera. Ikiiona juu, inatia mkono. Kompaila ilizitazama kazi hizo mbili, ikaona hazigusi kitu kimoja, ikainua bendera kwanza na barua ikaiweka baadaye. Mvua ikiwa ya kawaida hakuna anayetambua. Mvua ikiwa kubwa, vipimo vinamiminika, na siku ikifika, mkono unaingia kati ya bendera na barua. Unashika hewa, na kiini kinaanguka. Yaani bwate yetu ilikuwa imeiva kuanguka wakati uleule ambao watu wa Carama wangeihitaji. Na ile mistari yetu ya upelelezi tulikuwa tukiiweka katikati ya kazi hizo mbili, ikawa ukuta ambao kompaila haikuweza kuuvuka. Tulikuwa tunaliponya kosa kila tulipolitafuta.

Kulikuwa na njia ya mkato, kurudisha kiwango chini. Mimi niliipendekeza, na niliipendekeza kwa haraka ya kutia shaka. Mama Raihana aliikataa. Alisema kompaila haikukosa, imefanya ilichoruhusiwa. Kosa ni la aliyeandika kazi mbili zenye mpango bila kusema kwamba zina mpango, akategemea zitaeleweka. Alifunua mwanzo wa maandishi kuona ni nani. Sehemu hiyo iliandikwa mwaka 2010, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa A. Tajudini.

“Basi mi na Gélase tuko sawa,” akasema. “Mi pia niliandika bila verbe.”

Dawa ilikuwa mstari mmoja, kizuizi kinachoiambia kompaila na mashine kwamba hapa hakuna kinachoruhusiwa kuruka. Juu yake ameandika maelezo kwa watakaokuja baada yetu, nami nimeapa sitaruhusu yafutwe: “Usivuke. Barua ni ejo haheze, bendera ni ejo hazoza.” Alipitia mfumo wote akatafuta sehemu nyingine zisizo na kitenzi, akapata tatu, mbili zake na moja yangu.

Kisha ilibidi tupate mvua, na mbingu wiki hiyo ilikataa. Tuliifunga bwate uani pale Cibitoke, tukainyeshea wenyewe kwa ndoo za kumwagilia bustani, siku tatu, kwa zamu. Bwana Sylvère alishika zamu akiwa na tai. Marguerite, katibu wake, alikuja kwa dakika kumi akabaki saa mbili, na ikabidi tumnyang'anye ndoo. Majirani walisimama ukutani kutazama ofisi nzima ya serikali ikimwagilia sanduku la chuma lisilo na ua hata moja. Sanduku halikuanguka. Mama Raihana aliandika kwenye daftari lake, chini ya namba 211, neno “Imesimama,” na katika safu ya waliokuwepo aliandika “Wote, wamelowa.”

Sasa nifike kwenye deni langu kwake. Ripoti aliyompelekea mkurugenzi ilikuwa ya mistari mitatu: “Tuliandika bila kuweka kizuizi. Tulipandisha kiwango bila kupima kwenye mvua. Tulisoma ejo vibaya.” Tu, tu, tu. Bwana Sylvère hakuuliza hao “tu” ni akina nani, faili likafungwa, na Gélase akabaki kazini. Kwa ruhusa yenu nazisahihisha silabi hizo mbele ya wafanyakazi wote. Sentensi ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili na ya tatu zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyepandisha kiwango na kupigiwa makofi. Mimi ndiye niliyeandika zile kurasa mbili na kupiga mstari mwekundu, na nilikuwa tayari mtu apoteze kazi yake kwa kosa nililolileta mimi. Nilijua hivyo tangu ukurasa wa thelathini na moja. Yeye alijua kabla yangu, na hajawahi kulitaja neno hilo, hata siku nilipomkosea adabu kuhusu miwani.

Alitaka jambo moja tu kutoka kwangu. Ilinibidi niende Carama peke yangu na ile ripoti ya kurasa mbili, nimsomee Gélase yote kwa sauti, ameketi kwenye jiwe lake, bwate ikiwa imewashwa. Sijawahi kusoma kitu kirefu kama kile. Nilipomaliza na kuomba msamaha, Gélase aliichukua ripoti, akaikunja na kuitia chini ya kofia.

“Sawa, Valéry,” akasema. “Basi ejo uniletee ile betri.”

Nilimpelekea.

Tarehe 21 Novemba, saa tisa alasiri, mawingu yalifunga upande wa milimani. Saa kumi kasorobo simu ya karakana ililia. Alikuwa Gélase, lakini maneno yake hayakusikika, kwa sababu nyuma yake king'ora kilikuwa kikilia kwa nguvu zote. Mama Raihana ndiye aliyeipokea. Aliiweka simu katikati ya meza ili sote tusikie, akakaa, akafunika uso kwa mtandio, akalia na kucheka kwa pamoja. Nami nililia, sioni haya. King'ora kililia dakika arobaini. Maji yalichukua ua wa Gélase, choo kimoja, na viatu vingi visivyo na jozi. Hayakuchukua mtu. Watoto wote watano walikuwa wamekwisha kupanda juu na mama yao, wakiwa wamebeba godoro na sufuria ya maharage ambayo yalikuwa hayajaiva. Kesho yake tulipokea malalamiko ya maandishi kutoka kwa majirani kwamba king'ora kile kina kelele mno. Yametiwa kwenye fremu, yako ukutani juu ya meza yake.

Ningeweza kuendelea. Sijasema kuhusu bwate zote kumi na tisa ambazo leo zina kiini kilekile chenye kizuizi chake, wala kuhusu mafundi kumi na wawili aliowafundisha, kila mmoja akianza kwa kunyimwa sura ya saba. Sijasema kuhusu chupa yake ya chai ya tangawizi, ambayo imezuia magomvi mengi kuliko kanuni za kazi. Anguko namba 212, la mwisho, lilitokea mwezi uliopita. Lilisababishwa na mjusi.

Wengi mnauliza atakwenda kukaa wapi, sasa kwa kuwa Raihana ameolewa na nyumba ya Buyenzi amewaachia wajukuu wa Massoudi. Jibu linanifurahisha kuliko yote niliyoandika hapa. Amejenga Carama. Ana kishamba cha mboga, lengalenga na bilinganya, jirani wa ua mmoja na Gélase, hatua mia mbili kutoka mtoni. Nilimuuliza kama haogopi. Alinitazama juu ya miwani, siku hiyo ilikuwa mahali pake, akaniuliza mimi nilifikiri king'ora kile amekuwa akimtengenezea nani.

Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, Gélase atakiliza king'ora cha Carama kwa sekunde kumi kwa heshima yake. Tumewatangazia wakazi wasikimbie. Buyenzi nao tumewatangazia, kwa tahadhari.

Mama Raihana, tunakushukuru kwa kila mashine uliyoiinua, na kwa kila mtu uliyemsomea kabla ya kumhukumu. Mungu akupe afya, mvua ya kiasi, na majirani wa kuwapigia kelele. Meza yako hatutaikalia upesi. Asante kwa ejo, na kila la heri kwa ejo. Safari hii, hata bila kitenzi, hakuna atakayesoma vibaya.